Kariokor na Deni la Kuzikana

Msomaji, ukisimama katikati ya mji wa Nairobi ukamwuliza mtu yeyote njia ya Kariokor, atakuonyesha mara moja. Utafuata Barabara ya Racecourse, na baada ya mwendo mfupi utafika penye soko mashuhuri ambapo viatu vya ngozi hushonwa, vyondo huuzwa, na harufu ya nyama ya kuchoma humlaki mgeni kabla hajaingia. Kandokando ya soko ziko nyumba za wakazi, na majirani wake ni Ziwani, Starehe na Pumwani. Watu wa mtaa huo hulitaja jina la Kariokor mara nyingi kila siku, kama vile jina la mto au la kilima litajwavyo. Lakini jina hilo si la mto, wala si la kilima, wala si la ukoo wowote. Ni jina la watu waliokufa.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya swali hili: Neno Kariokor lina maana gani? Wachache hujibu sawasawa. Wengine hudhani ni neno la Kikamba, wengine ni la Kiluo, na yupo aliyeniambia ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka hapo zamani. Siwalaumu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa mtu mzima kabla ya kulijua. Basi nataka tulifuatilie jina hili pamoja. Ndani yake imo habari ya misiba isiyoliliwa, na pia imo hoja inayotuhusu mimi na wewe: mtu akifa mbali na kwao, nani atamzika, na nani atamkumbuka?

Mwezi wa Agosti mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yalianza kupigana. Uingereza ilitawala nchi ambayo leo ni Kenya, na Ujerumani ilitawala Tanganyika. Vita vya wenye dola vikawa vita vya watu ambao hawakuulizwa. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na katika Afrika ya Mashariki nyasi hizo zilikuwa watu. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kushinda vita vikubwa kwa siku moja. Alitaka kuwavuta Waingereza wamfuate porini mwaka baada ya mwaka, ili majeshi yao yasipate nafasi ya kwenda kupigana Ulaya. Hivyo mapigano yalianzia mipakani karibu na Taveta na pwani ya Tanga, yakashuka hadi Rufiji na Lindi, yakavuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Jeshi haliwezi kwenda bila chakula, risasi na dawa. Njia za reli zilikuwa chache, na barabara za magari hazikuwapo. Farasi na ng'ombe waliopelekwa kuvuta mizigo walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kichwa na bega la mwanadamu. Tangu mwaka 1914 serikali iliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mkuu wake alikuwa Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyekijua Kiswahili. Watu waliyashika maneno hayo mawili ya kigeni, wakayatia katika matamshi yao, wakasema Kariakoo au Kariokor. Kambi ya wapagazi ya Nairobi ilipata jina hilo, na kambi yao ya Dar es Salaam ikapata jina hilohilo. Ndiyo maana miji hii miwili mikubwa ina mitaa ambayo ni kama ndugu mapacha: Kariokor yetu na Kariakoo ya jirani zetu, nayo ina soko kubwa pia.

Hapo mwanzo baadhi ya wapagazi walikwenda kwa hiari, kwa kutafuta mshahara. Lakini kazi ilipojulikana ilivyo, hiari ilikwisha. Mwaka 1915 sheria ilipitishwa iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1917 mambo yalizidi. Majeshi ya Waingereza yalikwama katika mvua kubwa za Rufiji, na wapagazi wapya walitakiwa upesi kujaza mahali pa waliokufa na waliougua. John Ainsworth, ofisa mkubwa wa serikali, alipewa kazi ya kuwakusanya, na machifu wa kila wilaya waliagizwa watoe vijana. Wengine walikamatwa usiku vitandani mwao, wengine sokoni, wengine njiani. Jaribu, msomaji, kuifikiri asubuhi iliyofuata katika nyumba moja tu ya Kikuyu, ya Kikamba, ya Kiluhya, ya Kiluo au ya Giriama. Mama ameamka, na kijana wake hayupo.

Mpagazi alibeba mzigo wa kilo zipatazo 25, pamoja na vyake mwenyewe, kwa jua na kwa mvua. Wengi walitoka nchi za juu zenye baridi, wakapelekwa kwenye mabonde ya joto na malaria. Nyumbani walizoea kula ndizi, viazi, wimbi na mtama. Vitani walipewa unga wa mahindi, ambao mara nyingi haukusagwa vizuri wala haukupata muda wa kuiva, kwa kuwa kuni zilikuwa maji na safari ilikuwa haingoji. Matumbo yao hayakustahimili. Ugonjwa wa kuhara damu uliwaua wengi kuliko risasi, na malaria na homa ya mapafu zikafuata. Wala hatuwezi kusema kwamba vifo hivyo havikuzuilika. Mwaka 1917 Dokta John Arthur wa misheni ya Waskoti aliongoza kundi la wapagazi waliotoka katika shule na makanisa ya misheni. Kundi hilo lilikaa pamoja, likawa na viongozi wake na matibabu yake, na waliokufa kati yao walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wenzao. Tofauti haikuwa miili yao bali uangalizi waliopewa.

Jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Ndipo hesabu ilipotakiwa. Rekodi rasmi za Waingereza zilionyesha kwamba wapagazi wao waliokufa walizidi 40,000. Wanahistoria walioichunguza habari hiyo baadaye wanakadiria kwamba waliokufa hasa walifika 100,000 au zaidi, kwa sababu wapo walioanguka njiani bila kuandikwa, wapo waliotoroka wagonjwa wakafia msituni, na wapo waliofika karibu na kwao wakafa mwezi huohuo. Juu ya hayo, mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima ilifika hapa nchini, ikakuta watu waliokwisha dhoofishwa na vita na njaa.

Sasa tuwaache majemadari, turudi kwa yule mama. Watu wetu wana njia nyingi za kumpokea mauti. Si makabila yote yaliyozika kwa namna moja, wala si wote waliozika kila mtu, lakini halikuwapo kabila lisilokuwa na utaratibu wake: nani amguse maiti, nani amlilie, siku ngapi watu walale nje, lini nywele zinyolewe, lini mji ufagiliwe na kazi ianze tena. Utaratibu huo ni dawa. Humpa mfiwa kazi ya kufanya katika siku ambazo akili yake haiwezi kujituma yenyewe, na humwonyesha mahali msiba unapoanzia na mahali unapokomea. Lakini utaratibu wote huo unahitaji jambo moja la kwanza: habari ya hakika kwamba mtu amekufa.

Mama wa mpagazi hakupata habari hiyo. Hapakuwa na barua, na kama ingalikuwapo, asingaliweza kuisoma. Hapakuwa na mwili, wala kaburi, wala mwenzake mwanawe aliyeweza kusema kwa yakini, "Nilimwona akifa." Akimlilia, aonekana kama anayemwapiza mtoto aliye hai. Asipomlilia, na kumbe amekufa, amemnyima haki yake. Mke wake naye alikuwa katika shaka hiyohiyo: je, ni mke wa mtu au ni mjane? Aliyeona kwa macho yake msiba wa namna hii anajua kwamba kungoja kuna uchungu kuliko kulia.

Hata hivyo watu hawakukosa hekima. Waluo walikuwa na desturi ya kuchukua tunda la mvungunya, ambalo wao huliita yago, wakalizika mahali pa mtu aliyepotea, kama alivyotoka ukoo mzima kumzika mwenyewe. Tunda hilo ni refu na zito, nalo hulala kaburini kama mtu. Waislamu wa Pumwani na wa pwani walikuwa na sala ya jeneza kwa maiti aliye mbali, ambayo husaliwa bila maiti kuwapo. Na katika makabila mengi jina la aliyekufa hupewa mtoto azaliwaye katika ukoo, ili lisipotee midomoni mwa watu. Tazama, basi, jinsi watu wasiokuwa na karatasi walivyofanya waliyoyaweza: walizika pasipo mwili, walisali pasipo jeneza, wakaandika majina katika watoto wao.

Je, wenye karatasi walifanya nini? Jambo la kwanza lilikuwa la mishahara. Maelfu ya wapagazi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakujua kwamba walikuwa na haki ya kudai, au hawakuweza kuthibitisha kwamba wao ndio warithi. Watkins alitaka fedha hizo zirudi kwa manufaa ya watu waliotoa vijana wao. Aliandika na kuomba, lakini wakuu wa fedha wa London hawakukubali. Jambo la pili lilikuwa la kuandikisha watu. Sheria iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika akalazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Hivyo serikali iliyoshindwa kutaja majina ya wafu ilipata njia ya kujua kwa hakika jina la kila aliye hai, ili asiweze kuikimbia kazi.

Jambo la tatu lilikuwa la makaburi. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya kuwahifadhi wafu wa vita, nayo ikatangaza kanuni njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya kaburi au juu ya ukuta, na pasiwe na tofauti ya cheo. Ukienda leo Taveta au Voi utayaona makaburi hayo, yamepangwa kwa mistari, yenye majina na tarehe, na majani yake hukatwa. Lakini katika Afrika ya Mashariki wakubwa walionelea kwamba kanuni hiyo si ya wapagazi. Makaburi yao mengi yaliachwa yarudi kuwa pori. Badala ya majina, ikaamuliwa kwamba sanamu zitawatosha.

Sanamu hizo ziko Mombasa, Dar es Salaam na Nairobi. Ya Nairobi ilisimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ni watu watatu wa shaba: mmoja askari wa King's African Rifles, mmoja mpiga bunduki wa Kiarabu, na mmoja mpagazi. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mshairi wa Uingereza ambaye mwanawe mwenyewe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915 na mwili wake haukutambulikana katika uhai wa baba yake. Maandishi hayo yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, nayo yanaahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wana wake watalikumbuka jina lake. Siku utakayopita hapo, msomaji, izunguke sanamu pande zote ulitafute jina la mpagazi mmoja. Hutaliona. Ahadi ya kukumbuka majina iliandikwa, majina yenyewe hayakuandikwa. Maskini Kipling alikijua kilio cha mzazi asiye na kaburi la mwanawe, lakini jina la mwanawe lilichorwa; la mtoto wa yule mama wetu halikuchorwa.

Baada ya vita kambi ya wapagazi iligeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilijenga hapo nyumba za Waafrika, mabweni ya wanaume waliokuja Nairobi kufanya kazi. Serikali iliwahesabu kuwa ni wageni. Walitakiwa wafanye kazi, wazeeke, warudi makwao; kufia mjini hakukuwamo katika mpango. Lakini mauti hayana ratiba. Mtumishi, seremala au kuli wa reli aliugua mbali na ukoo wake, na kila aliyelala katika chumba kile alijua habari za wale waliotangulia mahali hapo. Hofu yao kubwa haikuwa kufa tu. Ilikuwa kufa kama walivyokufa wapagazi, yaani kutupwa na kusahauliwa.

Kwa hofu hiyo ilizaliwa elimu mpya ya mjini. Katika Kiswahili tunapotaka kusifu urafiki wa kweli tunasema, "Huyu ni rafiki yangu wa kufa kuzikana." Watu wa mjini waliigeuza methali hiyo kuwa chama. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoenea sana wakati wa vita na baada yake pamoja na askari na wapagazi waliorudi, vilikuwa vya kucheza na kushindana, lakini vilikuwa pia vya kusaidiana katika ugonjwa na maziko. Baadaye watu wa wilaya moja au kabila moja walifanya vyama vyao, kama Luo Union, vikachanga senti kwa senti ili mwenzao akifa asizikwe na manispaa kama asiye na mtu, bali arudishwe kwao kwa gari moshi au kwa lori. Ilipofika mwaka 1980 vyama vikubwa vya kikabila vilivunjwa kwa amri ya kisiasa, lakini desturi ya kuchangiana maziko haikuvunjika hata siku moja. Leo mtu akifa Kariokor, kabla ya jua kutua jamaa na majirani wamekwisha kutana, mweka hazina amechaguliwa, na michango inaingia kwa simu kutoka Kisumu, Mombasa na hata ng'ambo. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mjini wa mbali huingia kwa njia ya M-Pesa, na kuingia kwake si kudogo.

Haifai kudhani kwamba elimu hiyo imetatua kila jambo. Mwaka 1986 wakili mmoja maarufu wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki dunia. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga katika Siaya, kwa desturi ya Waluo. Mashauri yalikwenda mahakamani hata Mahakama ya Rufani, na maiti alingoja zaidi ya miezi mitano, hata akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei 1987. Nchi nzima ilibishana: kwao mtu ni wapi, mahali alipozaliwa babu yake au mahali alipojenga yeye? Watu wenye busara walisimama pande zote mbili. Mimi nakumbusha jambo moja tu. Vishindo vile vyote vya kugombea mwili mmoja tutavifahamu vizuri zaidi tukikumbuka kwamba ni miaka sabini tu ilikuwa imepita tangu wakati ambapo miili elfu nyingi haikugombewa na mtu.

Na Kariokor yenyewe, iliyopata jina kwa wafu wasiozikwa, leo ni mojawapo ya mahali ambapo Nairobi huwaaga wafu wake. Hapo pana makaburi ya Waislamu, ambapo maiti hupelekwa upesi, aghalabu siku ileile aliyokufa, kwa sanda nyeupe, tajiri kama maskini. Pana pia mahali pa Wahindu pa kuchomea maiti. Mwaka 2011 ndipo alipopelekwa Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, baada ya nchi kumuaga tarehe 8 Oktoba. Alikuwa ameusia asizikwe katika jeneza la mbao, kwa kuwa maisha yake yote aliitetea miti. Wengi walishangaa, maana kuchoma maiti si desturi ya watu wake. Lakini usia wake ulitimizwa, na majivu yake yakahifadhiwa katika chuo kilichopewa jina lake huko Kabete. Wapagazi hawakuulizwa lolote juu ya kuishi kwao wala juu ya kufa kwao. Yeye alichagua, akasikilizwa. Hiyo ni hatua kubwa katika heshima ya mwanadamu, hata kwa yule asiyekubaliana na uchaguzi wake.

Mara mbili katika miaka ya karibu mji wetu umejifunza tena somo la Kariokor. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa penye ubalozi wa Marekani, wakafa watu 213. Mahali hapo, kwenye pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, pamefanywa bustani, na katika ukuta yameandikwa majina ya waliokufa. Nimewaona watu wakija huko, wakiweka kidole juu ya jina moja, wakanyamaza, wakaenda zao. Halafu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali ilizuia watu wengi kukusanyika, na kwa muda maziko yaliruhusiwa kuhudhuriwa na watu 15 tu. Watu walizikwa haraka, bila matanga, bila mkesha wa nyimbo, na jamaa wakaangalia kwa simu. Amri ilikuwa na sababu yake, lakini waliofiwa wakati ule wangali wakisema kwamba msiba wao haukukamilika. Walionja kidogo kile ambacho mama wa mpagazi alikinywa chote.

Mwaka 2021 ile tume ya makaburi ya vita, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa iliyojichunguza yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa; na wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Mwezi wa Januari 2025, katika mji wa Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita hivyo, zaidi ya 1,700, kila mmoja ana nguzo yake ya mti na jina lake. Kwa hiyo haifai kusema kwamba miaka mia ni mingi mno na jambo limekwisha kupita. Jina lililopotea linaweza kutafutwa.

Hapa ndipo ninapofika kwako, msomaji. Mwaka mmoja, baada ya somo hili, mwanafunzi wangu alikwenda nyumbani likizoni, akamwuliza bibi yake kama katika ukoo wao alikuwapo mtu aliyekwenda Kariokor asirudi. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamtajia jina. Lilikuwa jina la kaka yake yule mwanafunzi, yule anayemwona kila siku akienda kuchunga. Jina hilo lilikuwa limepita kwa mtoto baada ya mtoto tangu wakati wa vita, na vijana wa nyumbani hawakujua lilikotoka. Mwanafunzi aliliandika katika daftari lake pamoja na maneno ya bibi, akanionyesha aliporudi. Mistari yake ilikuwa mitano tu. Bibi alifariki kabla ya likizo iliyofuata.

Nakuomba ufanye kama alivyofanya. Uliza nyumbani kwenu, uliza ungali na wa kumwuliza. Andika jina, kijiji, jina la baba yake, na lolote linalokumbukwa: alikuwa mrefu au mfupi, alikuwa ameoa au hajaoa, nani alimngojea. Weka tarehe ya siku uliyoambiwa, na jina la aliyekuambia, kwa maana hivyo ndivyo historia inavyohifadhiwa. Usitie chumvi, na usichojua usikiandike. Ukikuta hakuna aliyekwenda, andika majina ya wengine waliokufa katika ukoo wenu, maana kila nyumba ina wafu wake.

Na siku utakapopita Kariokor kununua viatu au kula nyama na rafiki zako, kula kwa furaha, maana wafu hawapungukiwi na kitu kwa furaha ya walio hai. Lakini mwenzako akikuuliza mahali hapo paliitwaje hivyo, usimwambie kwamba ni jina tu. Mwambie ni jina la vijana waliobeba mizigo isiyokuwa yao hata wakaanguka, na kwamba sisi tuliobaki bado tunadaiwa kuwazika.